Kaseti za zamani za mzee anayepoteza kumbukumbu: nizihamishe vipi, na nimpigie vipi?

Mkazi wa Uyole

Wadau habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi wa vifaa vya sauti, na pia wa wanaohudumia wazee.

Mzee wetu ni mzaliwa wa Rungwe, mwaka 1946. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hatua ya kati. Majina ya wajukuu yamemtoka, na kuanzia saa kumi na moja jioni anahangaika, anataka arudishwe nyumbani wakati yuko nyumbani. Ila wimbo wa kwaya ukipigwa redioni anaingia na sauti ya nne (besi) na kwenda nayo mpaka ubeti wa mwisho, neno halimponyoki.

Kwenye sanduku lake kuna kaseti 20: 14 za dakika 60 na 6 za dakika 90. Nyingi alijirekodia redioni na kanisani miaka ya 80, chache ni za dukani. Tatu zina unga mweupe pembezoni mwa mkanda, moja imekatika. Redio kaseti ipo, inawaka lakini inavuta polepole. Laptopu ipo.

Nazihamishaje kwenye kompyuta bila kuziharibu? Zikishahama, tumpigie zipi, saa ngapi, kwa muda gani? Na anayejua anieleze: inakuwaje wimbo mzima unabaki kichwani wakati jina la mwanawe limeondoka?

Fundi Redio, Mwanjelwa

Mkuu, kabla hujaweka kaseti hata moja kwenye redio, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Ishike upande A ukikutazama, mkanda ukiwa chini: kijino cha juu kushoto ndicho kinacholinda upande A. Kikivunjika, kitufe cha kurekodi hakishuki tena. Kwenye redio nyingi kitufe hicho kiko jirani kabisa na cha kupiga, na sauti iliyorekodiwa juu yake hakuna programu ya kuirudisha.

Zile tatu zenye unga ni za ukungu. Ziweke peke yake, ziwe za mwisho. Huku kwetu Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha inafuata baridi ya Juni na Julai. Sanduku lililokaa sakafuni kwenye chumba kisichoingia jua linapata unyevu karibu mwaka mzima. Ukipiga kaseti yenye ukungu, ule unga unahamia kwenye hedi (kichuma kinachosoma mkanda) na kwenye raba inayobana mkanda, na kutoka hapo unaingia kwenye kaseti nzima zote zitakazofuata. Zitoe kwenye makasha yake, ziweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu (viwe vipya, vilivyokaa wazi vimeshashiba maji), uziache wiki mbili. Usizianike juani wala usizisogeze kwenye jiko la mkaa, kasha litapinda. Ukungu ukishakauka, fungua skrubu tano, futa kwa kitambaa laini kikavu, nje ya nyumba, ukiwa na barakoa.

Redio kuvuta polepole: mara nyingi ni belti inayozungusha magurudumu ya ndani. Ile ni raba tu, inazeeka na kulegea, au inayeyuka na kubaki nata nyeusi kwenye puli (vigurudumu vyake). Futa nata yote kwa spiriti, pima mzunguko wa belti ya zamani, kisha tafuta mpya iliyo fupi kwa asilimia 5 hivi. Ikiwa fupi zaidi ya hapo itaielemea mota na sauti itayumba. Ukimaliza, angalia nyuma ya mota: nyingi zina kitundu kidogo, ndani kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Bisibisi bapa nyembamba, na unageuza kidogo kidogo huku muziki unapigwa.

Usidharau huo mwendo. Mkanda wa kaseti unatakiwa kupita kwenye hedi sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukienda kasi kwa asilimia 6, wimbo wote unapanda nusu toni nzima, na ukienda polepole kiasi hicho unashuka nusu toni. Mzee wako anaingia na besi mahali palepale alipoizoea. Ukimpa wimbo uliopanda nusu toni mbili ataufungulia mdomo halafu atanyamaza, nanyi mtadhani ameusahau. Kupima: chukua kaseti ya dukani ambayo wimbo wake unapatikana pia mtandaoni, vipige vyote viwili kwa pamoja, rekebisha mpaka vilingane. Usipimie kwaya isiyo na kinanda, maana kwaya yenyewe huteleza ikiwa inaimba.

Usafi: chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile wanayotumia mafundi simu, na pamba za masikio. Futa hedi na kile kichuma chembamba kinachozunguka mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti ya zahanati ya asilimia 70 ina maji mengi, na ile ya rangi ya zambarau inaacha utando. Raba inayobana mkanda ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, ikauke. Spiriti ya mara kwa mara inaikausha, inapasuka. Rudia usafi kila baada ya kaseti tatu au nne.

Sasa kaseti yenyewe. Iache chumbani siku nzima ili izoee joto la hapo. Izungushe kwa kalamu ya Bic ujue kama inateleza. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, mara mbili. Mkanda uliokaa miaka 30 bila kuguswa umegandana, na sumaku ya tabaka moja imejinakilisha kwenye tabaka la jirani; ndiyo maana kwenye kanda za zamani unasikia wimbo kwa mbali sekunde chache kabla haujaanza. Kuuzungusha kunapunguza mwangwi huo. Zile za dakika 90 mkanda wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, usizipeleke mbele na kuzisimamisha ghafla.

Ukifungua kasha, angalia kipande kidogo cha sufu katikati, chini, kinachosukuma mkanda ugusane na hedi. Gundi yake hukauka, kikadondoka. Bila hicho sauti inakuwa hafifu, kama mtu anaimbia ndani ya blanketi, na wengi hukimbilia kulaumu mkanda. Ng'oa kingine kwenye kaseti mbovu, kibandike.

Iliyokatika: kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, bandika utepe maalumu wa kuunganishia mkanda upande wa mgongo, yaani ule usiogusa hedi. Selotepu ya dukani hapana. Gundi yake hutoka pembeni, ikagandisha tabaka mbili, na utakapopiga tena mkanda utakatika mahali papya. Ukikosa utepe, iache hivyohivyo mpaka upate.

Kisha kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, ile yenye springi. Inanyoosha hedi isimame wima sawasawa na ile iliyorekodi. Kaseti alizojirekodia mzee zilirekodiwa na redio yake, na huenda hedi yake ilikuwa imepinda kidogo. Piga, sikiliza herufi "s" za waimbaji, geuza robo mzunguko huku na huku, acha pale "s" zinaposikika kali kuliko kote. Hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea hapa. Za dukani irudishe upya.

Kuunganisha: waya wa AUX kutoka tundu la hedfoni la redio, uingie kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini (LINE IN). Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu: hilo limetengenezwa kwa sauti ndogo sana, na aghalabu linachukua chaneli moja, utapata sauti inayokwaruza. Chomoa chaja, laptopu itumie betri yake, la sivyo utasikia mngurumo wa umeme chini ya kila wimbo. Redio nayo ikitumia betri kubwa, hakikisha ni mpya, kwa sababu zikichoka mwendo unashuka taratibu na hutagundua.

Programu ni Audacity, ya bure. Weka stereo, hezi 44,100, biti 16. Kilele cha sauti kiwe kwenye desibeli –6, kisifike sifuri kamwe. Kaseti ya dakika 60 itakula megabaiti 635, ya 90 itakula 950 hivi, kwa hiyo zako zote ni gigabaiti 15 na saa 23 za kukaa kusikiliza, maana hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa moja inahamishwa kwa saa moja. Hifadhi faili za WAV (zisizobanwa) kama zilivyo kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Za kumpigia mzee zigeuze MP3 ya kbps 192.

Usikate maneno. Sauti ya mtangazaji, salamu za wasikilizaji, kikohozi cha kanisani, jogoo, viache vyote. Nyumba ilisikia hivyo pia. Na kile kitufe cha kuondoa ile "shhh" ya mkanda, kama lazima, punguza desibeli 6 tu. Zaidi ya hapo waimbaji wanaanza kusikika kama wako ndani ya bomba.

Kijana wa Soweto

Mnajitesa bure. Nyimbo zote za zamani ziko YouTube, nunua bando, mpigie mzee kazi iishe.

Fundi Redio, Mwanjelwa

Za dukani, sawa, zingine zipo. Lakini bendi zetu zilikwenda kurekodi studio za Radio Tanzania pale Dar, na wimbo huohuo ukarekodiwa tena kwa ajili ya santuri zilizobanwa Nairobi. NUTA Jazz iliyoanza 1964 imekuja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na nyimbo zimerudiwa njiani kwa waimbaji wengine na mwendo mwingine. Mzee aliyezoea moja akisikia nyingine atakwambia huo siyo. Na kwaya ya usharika wake ya mwaka 1983 haipo YouTube.

Muuguzi, Ipogolo

Ndugu wa Uyole, poleni na uuguzi.

Nianze na swali la mwisho. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio unaoongoza kati ya magonjwa ya aina hii, unaanza mapema kushambulia hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyaunganisha na mahali na wakati. Jina la mjukuu aliyezaliwa juzi linategemea hapo. Wimbo ulioimbwa kila Jumapili kwa miaka haukai hapo peke yake: maneno yake, mahadhi yake, pumzi na mdomo vimeshakuwa ujuzi wa mwili, sawa na kufunga kamba za viatu, na ujuzi huo unatunzwa sehemu nyingine za ubongo. Tena wimbo unajisaidia wenyewe. Mstari una mizani na vina, kwa hiyo neno linalofuata halina pa kukimbilia. Jina la mtu halina msaada huo.

Mfano unaojulikana sana ni wa mwanamuziki Mwingereza Clive Wearing. Mwaka 1985 virusi viliharibu hipokampasi zake. Tangu hapo jambo jipya halikai kichwani mwake hata dakika moja, lakini aliendelea kupiga piano na kuongoza kwaya. Kwa upande wa Alzheimer, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu zinazohusika na kutambua nyimbo za zamani ni miongoni mwa zinazochelewa kuharibika. Na Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2009 alionyesha kwamba muziki, hisia na kumbukumbu za maisha ya mtu hukutana kwenye gamba la ubongo nyuma ya paji la uso, katikati. Eneo hilo nalo huchelewa kuharibika.

Sasa matumizi. Msichague nyimbo kwa kuangalia mwaka wa kaseti, angalieni umri wa mzee. Nyimbo zinazofungua kumbukumbu nyingi ni zile mtu alizozisikia akiwa na miaka 10 hadi 25 hivi. Kwa aliyezaliwa 1946 ni kuanzia 1956 mpaka 1971: alikuwa na miaka 15 nchi ilipopata uhuru. Kaseti imerekodiwa 1984, lakini kama ilirekodi kipindi cha nyimbo za zamani, ndani yake kuna 1965, hizo ndizo mnazitafuta. Halafu kuna kundi la pili watu hulisahau: nyimbo walizopenda wazazi wake, alizozisikia nyumbani akiwa mdogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wa 2013 ulikuta vijana wana kumbukumbu za nguvu na nyimbo za ujana wa wazazi wao. Ulizeni wadogo zake, wajomba, yeyote aliyelala nyumba moja naye miaka hiyo.

Jaribuni wimbo mmoja mmoja, asubuhi baada ya chai, akiwa ameshakwenda haja na hana njaa. Mtu mmoja anakaa mbele yake, siyo familia nzima. Daftari liwe na jina la wimbo, saa, na alichofanya: mguu kugonga, midomo kusogea, macho kumtafuta mtu, kulia, kulala. Wimbo uliomfanya aimbe unapata alama. Uliomfanya avute blanketi, akunje ngumi au aanze kuuliza watu wasiokuwepo unatolewa kwenye orodha. Mkizima, punguzeni sauti taratibu, msikate ghafla. Orodha ya nyimbo 12 hadi 15 zilizothibitishwa inatosha. Mia mbili ambazo hamjazijaribu ni hatari tupu.

Ikishakamilika, muda ni dakika 20 hadi 30, mara moja au mbili kwa siku. Mnasema anaanza kuhangaika saa kumi na moja, basi anzeni saa kumi na nusu, kabla. Akishaanza kuhangaika, muziki unakuwa kelele nyingine juu ya kelele. Anzeni na nyimbo mbili za mwendo wa kati, kisha zipungue kasi. Taa ziwashwe mapema, giza la kuingia nalo linachangia.

Msimuulize "unakumbuka?" Huo ni mtihani, na anajua kwamba anafeli. Semeni, "besi hapa wameingia vizuri," halafu nyamazeni. Akisema jambo, lifuateni hata kama mwaka umekosewa. Wimbo unarudisha hisia kwa uhakika kuliko unavyorudisha tarehe, kwa hiyo msije mkatumia maneno yake ya siku hiyo kuamulia mpaka wa shamba. Nimeona niliseme.

Jambo jingine: msiziache nyimbo hizo zikipigwa kutwa nzima sebuleni. Wimbo unaobeba kumbukumbu ya mwaka 1963 ukisikika kila siku pamoja na harufu ya uji na mlio wa televisheni, unaanza kubeba uji na televisheni. Kwa muziki wa kujaza nyumba tumieni mwingine wowote.

Angalieni pia kaseti za kurekodi redioni. Zinaweza kuwa na nyimbo za vita vya Kagera, 1978 na 1979, au maombolezo ya Sokoine, Aprili 1984, au ya Mwalimu, Oktoba 1999. Hazina tatizo kwa wote, ila sikilizeni kwanza ninyi. Nyimbo za mazishi za kanisani vilevile, hata kama ni nzuri.

Masikio: umri unaondoa kwanza sauti nyembamba. Punguzeni besi ya sabufa, ongezeni kidogo sauti za juu, spika iwe mita moja au mbili usawa wa uso wake. Mvua ikipiga bati, ahirisheni. Mkipandisha sauti kushindana na bati mtamtisha. Hedfoni za kufunika masikio zinafaa kama anazikubali. Akizivua mara mbili, achaneni nazo.

Msitegemee majina ya wajukuu yarudi. Tafiti zikikusanywa pamoja, muziki unasaidia zaidi huzuni na matatizo ya tabia kwa jumla. Kwenye kumbukumbu ya siku kwa siku tofauti ni ndogo. Dawa alizoandikiwa ziendelee.

Mkazi wa Uyole

Fundi na Sista, asanteni sana, hii tunaichapa na kuibandika ukutani. Swali moja gumu: kuna kaseti moja ina sauti ya marehemu mama. Upande A anaimba na kwaya ya akina mama, upande B anaongea, anatuma salamu kwa shangazi. Tumpigie?

Muuguzi, Ipogolo

Tenganisheni pande hizo ziwe faili mbili. Upande A unaweza kujaribiwa kama nyimbo nyingine, asubuhi, na mtu anayemwamini zaidi. Upande B ukae kwenye flashi ya familia, msimpigie kwa sasa. Mtu wa hatua ya kati akisikia mkewe anaongea, kwake yuko chumba cha pili, atainuka kumtafuta. Na akiuliza yuko wapi, msimpe habari ya msiba kila mara. Anaipokea upya kila mara. "Mama alikuwa anaimba alto, siyo?" inatosha kumpeleka kwenye wimbo.

Mwalimu wa Kwaya, Tukuyu

Naongeza upande wa kuimba naye, maana kusikiliza ni nusu ya kazi.

Mtu aliyeimba sauti ya nne hakuhifadhi wimbo kama mnavyoufahamu ninyi. Alihifadhi mstari wa besi. Mkikaa naye wote mkaimba sauti ya kwanza, atayumba, ataacha. Mmoja aimbe soprano, mwingine alto kama yupo, besi iachwe tupu. Nafasi hiyo itamwita. Kama alifundishwa kwa noti za solfa, na kwaya nyingi za rika lake zilifundishwa hivyo, mpeni kwanza sauti ya kuanzia, "do" iliyoshikwa sekunde tatu au nne, kisha hesabu ya kuingia kwa mkono. Mkono wa mwalimu wa kwaya ni ishara anayoijua kabla ya neno lolote.

Ufunguo. Kifua cha mtu wa miaka karibu 80 hakina pumzi ile, na sauti za juu zimeondoka. Kwa faili la kuimbia, siyo la kusikiliza, shusheni nusu toni mbili au tatu kwenye Audacity kwa amri ya kubadili kimo cha sauti bila kubadili mwendo. Ikizidi nne waimbaji wanageuka majitu. Fundi ameonya kuhusu kaseti kupanda, na hii haipingani naye: kwanza rudisheni wimbo mahali pake, ndipo mshushe kwa makusudi na kwa kipimo. Beti mbili, siyo sita. Kati ya beti, kituo cha pumzi mbili zaidi ya kawaida.

Lugha nayo. Rungwe Wamoravian wapo tangu 1891, na KKKT Dayosisi ya Konde iko papa hapa. Mzee wa huko utotoni aliimba Kinyakyusa kabla ya Kiswahili. Ugonjwa unapoendelea, lugha ya pili huweza kutangulia kuondoka. Wimbo asioujibu kwa Kiswahili ujaribuni kwa Kinyakyusa, mahadhi yaleyale. Vitabu vya nyimbo vya zamani mtavipata kwa wazee wa usharika. Mpeni kitabu akishike hata kama hasomi, kikiwa kimefunguliwa ukurasa wenyewe.

Mama K, Kihesa

Na ambaye hakuwahi kuwa na kaseti je? Bibi yetu ni wa vijijini huku Iringa, hakuimba kwaya, redio ilikuja akiwa mtu mzima. Tunaanzia wapi?

Mwalimu wa Kwaya, Tukuyu

Shikamoo yangu imfikie Bibi. Mama K, hapo kaseti mnaitengeneza wenyewe. Tafuteni wanawake wawili watatu wa rika lake, wa kijiji chake, siyo kikundi cha utamaduni cha mjini kilichopunguza na kupanga upya. Ulizieni nyimbo za kazi: kupura ulezi, kutwanga, kupalilia, kubembeleza mtoto. Hizo zimerudiwa mara nyingi kuliko za sherehe, na zimefungwa na mwili. Siku ya kumpigia, mpeni ungo au mchi mwepesi mkononi. Mikono ikianza, maneno hufuata.

Kama ukoo wake ulikuwa na mpiga ligombo, ile ala ya nyuzi ya Wahehe, jueni kwamba Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, Wahehe wakiwemo, na kanda zake zinatunzwa na maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Bibi aliyekuwa binti wakati huo anaweza kuutambua upigaji ule.

Fundi Redio, Mwanjelwa

Kwa kurekodi hao wanawake simu inatosha, Mama K, ukifuata haya. Iweke hali ya ndegeni ili isiite katikati ya wimbo. Pakua programu ya kurekodi inayotoa WAV, kisha uzime kile kipengele cha simu kujipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Kikiwaka, kila mpigo wa mchi utazimisha waimbaji kwa nusu sekunde. Simu ikae mita moja na nusu kutoka kwao, juu ya kitambaa kilichokunjwa, siyo mezani wazi wala sakafuni ambako mtikiso wa mchi unapanda moja kwa moja. Tundu la maikrofoni liwaelekee waimbaji, lipe mgongo upepo, na soksi nyembamba juu yake inasaidia. Kinu kisogezwe nyuma yao hatua tatu. Nyumba ya udongo yenye nyasi inatoa sauti safi kuliko yenye sakafu ya saruji na bati. Rekodi jaribio la dakika moja, sikiliza kwa hedfoni, ndipo uanze. Na kila wimbo waimbe mara mbili mfululizo, kwa sababu mara ya kwanza huwa wanaiangalia simu.